Nipite Kona ya Sita

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Gereji niliyoianza kwa spana ya kuazima bado inatulisha, na kwenye kiti chako nimepanga matairi. Uliondoka bila kuniaga kwa sababu nilikunyima pikipiki ya mteja ukashindane nayo. Jambo hilo bado linaniuma, sikufichi.

Ila ule mchezo wako wa video wa mbio za pikipiki ninaucheza. Jioni nikiwasha televisheni, barabara inateleza kama ndoto: jua halitui, vumbi hakuna, ukianguka unainuka bila mchubuko. Ubao wa muda, unaotuunganisha kwa intaneti popote tulipo, ulituonyesha wewe juu, mimi chini. Kila nikikukaribia, kesho yake nakuta umeushusha muda wako, huko uliko. Hatukusemezana, lakini nilijua u hai, na mkorofi vilevile.

Ulizoea kunicheka, "Dada, unaendesha kama umebeba mayai!" Basi nimepiga hesabu. Kona ya sita ilikuwa inanila nusu sekunde kwa sababu nilikuiga wewe, nikichelewa kufunga breki. Sasa nafunga mapema, naingia polepole, natoka nimeshavuta mafuta. Naelea tu.

Nimekupita. Nilicheka peke yangu, kisha nikangoja unijibu. Mwezi mzima muda wako haujasogea.

Barua hii nampa shangazi, huenda ukampitia. Pikipiki ya mteja sikupi, usijidanganye. Lakini washa mchezo, mdogo wangu. Nipite, nijue upo.

Dada yako,
mbeba mayai