Mita Mbili Nukta Nane

Jumatatu, 4 Machi
Mchoro wangu umetupwa. Miaka kumi na moja katika ofisi hii ya barabara, halafu anakuja huyu Chipukizi — miezi mitatu tu kazini! — na bosi anamchekea mpaka jino la mwisho. Mimi niliyapa magari mita tatu na nusu kila upande. Yeye kayabana hadi mbili nukta nane, nafasi iliyobaki kawapa wenye baiskeli na watembea kwa miguu. Bosi kasema afadhali kuna mtu humu anayekumbuka kwamba si wote tuna magari. Akaniangalia mimi! Nina wivu. Haya, nimeandika.

Jumanne, 5 Machi
Mke wangu naye! Kafurahi kweli, eti sasa ataendesha baiskeli yake kwenda kazini bila roho kuwa mkononi. Nikamuuliza yuko upande wa nani.
"Wa baiskeli, baba watoto." Akaendelea kukunja nguo.

Jumatano, 6 Machi
Nimeupekua mchoro wa Chipukizi kama anayepekua simu ya mume. Nimepata! Basi la abiria kalipima upana wa bodi tu, mita mbili na nusu. Vioo vya pembeni kavisahau! Pamoja na vioo ni mita tatu. Kioo kitaingia njia ya baiskeli, usawa wa kichwa cha mtu. Nilicheka peke yangu hadi mhudumu wa chai akachungulia. Sijasema kitu. Aumbuke mwenyewe.

Ijumaa, 8 Machi
Kesho wanapaka rangi. Chipukizi kaniletea mchoro mezani kwa mikono miwili. "Kaka, naomba uupitie. Wewe ndiye jicho la ofisi hii."
Jicho! Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Kisha bosi akapita, akampiga begani — yeye, si mimi. Nikatia sahihi.

Jumapili, 10 Machi
Mistari imepakwa, inang'aa. Mabasi yanapita tangu alfajiri. Mke wangu katoa baiskeli, kaipangusa, anataka kuijaribu njia mpya. Nimemwambia leo asiende.
"Kwa nini?"
Nimesema rangi mbichi. Kasema rangi ilikauka jana, aliigusa mwenyewe. Kauliza tena, kwa nini. Amesimama mlangoni, mkono kwenye usukani, ananitazama. Nami nimeinamia daftari hili, najifanya naandika mambo ya kazi —