Bingwa wa Hatua Aliyesimama Palepale

Mshauri mpendwa,

Kwa heshima na taadhima nautangazia umma kwamba mimi, kinyozi mwenye kitambi na goti moja bovu, nimetwaa tena ubingwa wa kutembea wa ukoo wetu. Shemeji yangu askari ameshika nafasi ya pili na salamu zake siku hizi ni za mkato.

Sasa naomba unisaidie kabla sijaumbuka. Binti yangu alinipa saa janja yake ya zamani, nikaivaa mkono wa kulia, na mkono wa kulia ndio wa mkasi, basi kumbe kila nikinyoa mtu ile saa inahesabu hatua, mimi nimesimama palepale nyuma ya kiti napiga soga, jioni binti anatuma matokeo kwenye kundi la familia, pongezi zinamiminika, mama mkwe ananiombea dua, nami kimya, maana nani anakataa kusifiwa na mama mkwe?

Tatizo ni mke wangu. Aliiona hiyo bidii yangu akaona haya, akanunua raba, akaanza kukimbia asubuhi. Presha yake imeshuka, daktari amempunguzia dawa, na ngazi za nyumbani anazipanda akiimba. Juzi akaniambia, "Baba watoto, nimetuandikisha wote wawili mbio za mji. Tukimbie bega kwa bega. Bila wewe mimi nisingetoka kitandani." Chai ikanipalia.

Na binti naye anataka kuninunulia zawadi ya siku ya kuzaliwa: saa janja mpya, au saa ya wakimbiaji, ile ya GPS inayopima njia kwa setilaiti. Nikichukua ya wakimbiaji, setilaiti itaona wazi kwamba sijatoka kinyozini. Nikichukua janja nabaki bingwa, lakini siku ya mbio roho itanitokea puani mbele ya shemeji. Ninachoogopa hasa ni mke wangu kujua ukweli na kuziweka raba kabatini. Nichague ipi?

Kinyozi Bingwa

*

Kinyozi,

Nimecheka hadi nikavua miwani, kisha nikakukasirikia. Wewe huulizi habari za saa. Unauliza uendelee kumdanganya mama watoto kwa chombo kipi.

Hata hivyo nitakujibu. Saa janja inamfaa anayetaka kupokea simu na ujumbe mkononi, na awe tayari kuichaji karibu kila siku. Ya wakimbiaji inakaa na chaji muda mrefu, vitufe vyake vinabonyezeka hata vidole vikilowa jasho, na inakupa umbali na kasi bila kukupaka mafuta. Simu zako wewe ni za wateja wanaouliza kama kuna foleni, na ukiwa na mkasi usizipokee, masikio ya watu hayo. Kwa hiyo chukueni ya wakimbiaji. Lakini aivae mkeo. Mkimbiaji wa nyumba hiyo ni yeye.

Na umwambie leo, mkiwa wawili, bila kuanza na mzaha, maana nimeshakujua kwa barua moja tu. Anadhani wewe ndiye unayemtoa kitandani, kumbe anajitoa mwenyewe. Umemnyima sifa yake, ndugu yangu, na hilo ndilo kosa. Kisha muulize daktari kuhusu hilo goti, uvae viatu umfuate, hata kwa kutembea. Shemeji mrudishie ubingwa wake.

*

Jibu hilo nilimtumia kinyozi kwanza kabla ya kulichapisha, asije akasomewa na wateja wake. Ameniandikia hivi:

"Mshauri, nimesema. Nilisubiri anune. Aliuliza tu, 'Kwa hiyo njia yote hiyo nilikuwa nakimbia kwa nguvu zangu?' Nikasema ndiyo. Akakaza kamba za raba. 'Kumbe mimi si mchezo.'

Daktari aliniruhusu kwenda polepole, tukatoka wote kufanya mazoezi ya mbio, saa mpya mkononi mwake. Ukweli wa yaliyotokea ni huu: nilifika duka la dawa la pale kona, nikakaa kwenye ngazi. Yeye akaendelea, akazunguka, akarudi kunichukua. Jioni binti alituma ramani ya saa kwenye kundi la familia: mzunguko mkubwa, mzuri, na pale kona mstari umejikunja kama kifundo cha uzi, mahali aliposimama kunivuta mkono nisimame.

Shemeji akaandika, 'Na bingwa yuko wapi?'

Mke wangu akamjibu, 'Ni hicho kifundo.'"