Kabureta Nne za Baba

5 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Afya yako je? Huku sote wazima, ila baba alitutoka mwezi uliopita, tukamzika. Sikukuita, safari yako ni ndefu. Alikuwa akikuulizia, nikamwambia uko njiani, akatulia. Ile pikipiki yake, Honda ya silinda nne, sasa ni yangu, ila haina kabureta zake nne. Najua unazo wewe. Zitume upesi, nataka kutembea nayo mjini.

Kaka yako

2 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima kama mzigo: nabebwa, nashushwa. Tanuri la kiwandani, tunakoyeyushia alumini ya sufuria, limenikausha.

Umemzika baba bila mimi, halafu unaniuliza afya? Pikipiki unaitaka, historia yake huijui. Ilitoka Japani wakati zote za mtaani kwetu zilikuwa silinda moja, zinalia kama mbuzi mwenye mafua. Baba aliipata imeungua. Wewe ukaiita takataka. Mimi nilimshikia tochi miaka yote aliyoifufua, mpaka mabomba manne yakatoa sauti moja, na mama akacheka peke yake jikoni. Siku naondoka baba alizifungua kabureta kwa mkono wake, akazifunga kwenye taulo: "Mwenye hizi ndiye mwenye pikipiki. Kaka yako ataikalia tu."

Sitoi.

Mdogo wako

19 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

U hali gani? Unakula vizuri? Nimeifungia kabureta ya pikipiki ndogo. Inakohoa, inazimika barabarani, watoto wananiita Bwana Sukuma. Haya, nimekosa. Mimi si damu yako? Rudi nazo, tuiendeshe kwa zamu.

Kaka yako

30 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nilipata barua yako, nikafungasha. Haki ya Mungu, nilifungasha. Lakini kila nikifunga begi namwona baba ameugeuzia mlango uso, ananingoja, nawe umekaa pembeni unamdanganya.

Jana nilizitia kabureta tanurini, zote nne. Msimamizi akauliza, "We, unalia nini?" Nikamwambia moshi. Zimetoka mifuniko ya sufuria. Mmoja nakutumia, mwingine wenzangu wanafunikia chai.

Pikipiki sasa si yako wala si yangu, na huko sina tena cha kufuata. Nasikia raha, kaka. Nasikia raha sana. Msalimie shemeji. Usinijibu.

Aliyekuwa mdogo wako