Injini Imezimika Juu ya Pamba

Jumatatu, 9 Machi

Injini imekohoa tena. Mara mbili, nikigeuza ndege ya kunyunyizia dawa mwisho wa shamba. Nimemwambia fundi. Kafungua, kachungulia, kafuta mikono. Kasema: dada, hii nipe wiki niifungue yote.

Tukaenda kwa bosi. Hakuinua hata macho kwenye simu yake. Viwavi hawangoji wiki, kasema. Halafu yale mapipa mapya ya dawa—hayana karatasi wala maandishi. Nikauliza dawa gani. Kali kuliko ile ya kwanza, kacheka.

Mume wangu anasema nigome. Kusema rahisi! Marubani wanaokitaka kiti changu ni tele.

Jumanne, 10 Machi

Niko hai!

Saa moja na nusu asubuhi, mzunguko wa nne. Niko chini kabisa, magurudumu karibu yaguse pamba. Kishindo kimoja—halafu kimya. Upepo tu. Mbele yangu nguzo za umeme. Kupanda siwezi, mwendo umekwisha. Nikavuta mpini wa kumwaga dawa ili ndege iwe nyepesi: umekwama. Nikapita chini ya waya. Chini! Sijui nilipitaje. Magurudumu yakagusa, nikasema nimepona, mara mtaro huo. Ndege ikabiringika, miguu juu.

Nikaning'inia kwenye mikanda kama popo. Tanki limepasuka. Dawa inanichuruzikia shingoni, kifuani, kila mahali.

Vibarua waliokuwa wakipalilia ndio walionitoa. Mama mmoja akanifokea: vua hiyo ovaroli, mwanangu, vua! Nivue vipi mbele ya wanaume wale wote? Nikakaa nayo imelowa mpaka bosi alipofika, kwa muda wa karibu saa mbili nzima. Akaizunguka ndege kwanza. Ndipo akaniuliza kama nimevunjika popote. Sikuvunjika. Basi mshukuru Mungu, kasema, kaenda kupiga simu.

Nyumbani mama mkwe kapiga vigelegele. Mume kanikumbatia mpaka mbavu zikauma. Nimeoga mara tatu. Harufu haitoki—kama kitunguu saumu kilichooza.

Jumatano, 11 Machi

Jasho tangu alfajiri, wala hakuna joto. Nimetapika mara mbili. Mate yanajaa mdomoni kama mtoto anayeota meno. Kope inachezacheza yenyewe.

Mama mkwe kaniangalia kwa jicho la kujua. Kaniuliza, mwanangu, ndiyo mambo yenyewe? Tuanze kutafuta jina? Nikacheka. Kicheko kikageuka kikohozi. Kifua kinabana.

Nimempigia fundi. Nikamweleza. Akasema: dada, nenda hospitali sasa hivi, na ujue jina la dawa, daktari atakuuliza hilo kwanza. Jina nilitoe wapi? Simu ya bosi haipatikani. Fundi anasema mapipa yaliyobaki yalipakiwa kwenye lori jana hiyohiyo, ndege ikiwa bado imelala shambani. Lori limekwenda wapi, hajui.

Mume kakimbia kuomba gari kwa jirani. Namngoja sebuleni. Vidole vinatetemeka, mwandiko kama nyayo za kuku. Na siuoni vizuri, kigiza kimeingia. Nimemwomba mama mkwe afungue mapazia.

Kaja kukaa karibu yangu, kanishika mkono. Yako wazi, mwanangu, kasema. Ni saa sita mchana, jua lote limo humu ndani.