Kisanduku cha Fyuzi kwa Mashine ya Kupumulia

Nyumba ya Kona,
Mtaa wa Karakana,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu zangu na za mkaza mjomba wako. Sisi ni wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo hulalamika kila linapoona ngazi. Mumeo anaendeleaje? Anapata usingizi? Na wewe je? Umeniandikia habari za kila mtu ila zako.

Umesema mashine yake ya kupumulia ilizimika garini mlipokuwa mkienda kliniki, ukamkuta midomo imebadilika rangi, na tangu siku hiyo huthubutu kushika usukani. Pole sana, mwanangu. Ni nani asingetetemeka?

Lakini nilifunga nyaya za magari hadi nilipostaafu, na sikubaliani na fundi wako anayetaka uweke fyuzi kubwa zaidi. Fyuzi huchaguliwa kulingana na unene wa waya. Ukiikuza fyuzi peke yake, waya ndio utakaoungua. Tena fyuzi yako ni nzima. Umeandika mwenyewe kwamba ulizima gari kituo cha mafuta, ukaenda kulipa, na ulipowasha gari tena, mashine ikanguruma. Fyuzi iliyoungua haifufuki.

Kasoro ni ya kisanduku cha fyuzi alichokufungia fundi huyo. Kina relei, yaani swichi inayotii ufunguo: ukizima gari, hukata umeme wa kila kilichounganishwa hapo. Kwa redio na taa za ziada ni mpango mzuri, maana betri hulindwa. Kwa pumzi za mtu haufai. Wewe ulizima gari kama kila dereva anavyotakiwa kufanya. Hukukosea.

Mkaza mjomba wako amechungulia begani mwangu hivi punde.

"Mzee, mtoto analia, wewe unampa nyaya?"

"Nampa nyaya ili anyamaze."

"Mpe na pole basi."

"Nimeshampa. Tazama hapo juu."

Amesoma, akasema moja haitoshi. Kwa hiyo, pole tena.

Nunua kisanduku chenye pande mbili: mmoja upite kwenye relei, wa pili uwe na umeme wakati wote. Mashine ikae upande huo wa pili, peke yake, kwa fyuzi na waya wa kiwango chake. Kiwe na mfuniko wenye mpira wa kuzuia maji, na fyuzi kuu ifungwe karibu na betri. Ukisimama kidogo, mashine itaendelea. Ukisimama sana, washa injini mahali pa wazi, betri isiishe.

Liko jambo lisilo la fundi. Mumeo aliisikia mashine ikinyamaza, na honi ya gari lako hulia hata likiwa limezimwa. Hakuibonyeza, eti, kama ulivyoandika, asikuaibishe mbele ya watu. Mwambie mimi mkwe wake nimesema kuugua si utovu wa adabu. Siku nyingine aibonyeze mpaka kituo kizima kigeuke.

Kisanduku kikishafungwa, kaeni wote wawili garini hapo uani. Zima ufunguo. Sikilizeni. Mashine ikiendelea kunguruma, washa gari umpeleke kliniki.

Nisalimie dada yangu, mama yako, na shemeji yako tunayemwita Spika kwa wingi wa maneno yake. Mungu awape pumzi na safari za salama.

Wako anayekupenda daima,
Mjomba.