Alama ya Vema Yenye Mkia

Tate,

Nakuita hivyo kwa sababu huku Muheza hakuna wa kuzungumza naye Kishambaa, na nimechoka kusema "marehemu baba yangu" kwa kila anayenipa pole. Leo ni wiki ya saba tangu tukuzike Malindi, kule kwetu milimani. Kaka Elisha anasema mvua imefanya kaburi lititie upande mmoja, atalirekebisha jua likiwaka. Kiti chako kimeingizwa ndani. Hakuna anayekikalia, hata wageni.

Nina jambo la kukuambia, ingawa wewe ulilijua kabla yangu.

Unaikumbuka ile karatasi ya manila? Ulipoanzishiwa dawa ya presha, kidonge kimoja kila asubuhi, ulikuwa na wahudumu wawili: wifi yangu Naomi, mke wa Elisha, na Zaina, tuliyemwajiri awe anakuja kila siku kutoka ng'ambo ya bonde. Naomi alikupa kidonge kabla ya kwenda shambani, Zaina akafika akakupa kingine, na wewe hukuwahi kukataa kitu ulichopewa na mtu aliyekuja kukuhudumia. Ukashikwa na kizunguzungu, ukaanguka karibu na zizi. Ndipo nilipopanda mlima na manila yangu, rula yangu na ukali wangu wa darasa la sita.

Nilichora visanduku, kimoja kwa kila siku. Anayekupa kidonge atie vema. Anayekuta vema asikupe tena. Siku ambazo Naomi aliwahi shambani alfajiri, zamu ilikuwa ya Zaina. Dawa nikazifungia kwenye kopo lenye kufuli, ufunguo mmoja kwa Naomi, mwingine kwa Zaina. Dawa zako mwenyewe, Tate, nilikuficha kama watu wanavyowaficha watoto sukari. Ulicheka. Ukasema, "Mwalimu amekuja kukagua." Nikajiona nina akili sana.

Jumapili moja Naomi akanirushia picha ya karatasi, nikaona visanduku viwili vitupu. Nikapiga simu, nikamwambia aweke sauti kubwa, kila mtu asikie. Mvua ilikuwa imekata njia ya bondeni, Zaina akafika adhuhuri siku zote mbili, akaogopa kukupa dawa nje ya saa yake. Sikumwacha amalize kueleza. Nilimwambia mbele yako, "Kisanduku kimoja tena kikiwa kitupu, utafute kazi kwingine. Unataka kuniulia baba?" Nilikusikia ukikohoa. Zaina ana watoto watatu na hana mume. Wewe ulilifikiria hilo. Mimi nilikuwa nalijua tu.

Tangu siku hiyo hakikuonekana kisanduku kitupu. Miezi miwili mizima ya masika! Nilizionyesha zile picha kwenye ofisi ya walimu. Nilisema mzazi hutunzwa kwa utaratibu, si kwa huruma. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu, huku namenya chungwa.

Halafu kiharusi. Naomi alikukuta chini, pale ukutani penye karatasi, mdomo umepinda. Alidhani ulikuwa unaelekea mlangoni. Kabla gari la kukupeleka Lushoto halijapatikana, ulikuwa umekwenda.

Msibani nilitafuta mtu wa kulaumu, na sikwenda mbali. Zaina alikuja, akaingia jikoni kuwasaidia wapishi. Nikamfuata huko huko. Mbele ya kina mama wote wa kanisani nilisema yeye ndiye aliyekuharakishia kifo. Sikuwa na ushahidi wowote, nilikuwa na uchungu tu. Aliweka mwiko chini, akafunga khanga yake vizuri, akaondoka bila kula.

Siku ya nne nilifungua lile kopo. Vilibaki vidonge ishirini na kimoja ambavyo kwa mujibu wa karatasi ulikuwa umeshavimeza. Nilihesabu mara tatu. Kisha nikaenda ukutani, nikaangalia zile alama kama nilivyopaswa kuziangalia tangu mwanzo. Nyingine ni za Naomi, fupi na nzito. Nyingine ni za Zaina, zinatetemeka. Na nyingine zina mkia mrefu unaoshuka kushoto.

Mkia ule naujua. Nilikuwa na miaka minane, umenikalisha juu ya gogo la msonobari kule Shume, gauni linanata utomvu, na jioni mama atatufokea wote wawili. Ulikuwa unapita na kamba ya kupimia na chaki, mkono wa kushoto, na kila gogo ulilolipima ulilitia vema yenye mkia. Wenzako walikucheka kwa sababu uliwachelewesha. Uliniambia, "Gogo ambalo sijalishika silitii alama, hata bwana misitu akija na bunduki."

Ukatia alama, Tate. Asubuhi ambazo Zaina alichelewa ulishika kalamu ukajaza kisanduku, ili nisimpigie simu. Yeye akifika anadhani Naomi ameshakupa. Naomi akirudi anadhani Zaina amekupa. Wakikuuliza, unasema umeshakunywa. Na kopo lina kufuli, hata kujipa mwenyewe hukuweza. Kwa nini hukumnong'oneza tu Zaina akupe? Labda uliona aibu. Labda uliona kidonge kimoja si kitu, kisha vikawa viwili, vikawa ishirini na kimoja.

Nesi wa zahanati nilipomweleza alisema tulipaswa kuhesabu vidonge, si alama. Basi. Ni hilo tu. Wanafunzi wangu wadogo wangelielewa.

Elisha hataki nizungumze. Anasema nikitoa ukweli watu watasema mzee alikuwa mwongo, na wewe huna mdomo tena wa kujitetea. Nilikwenda kwa Zaina. Anachimba viazi vya watu Shume, kibarua cha siku kwa siku, maana Malindi hakuna anayemruhusu kukaa na mgonjwa wake. Aliniamkia shikamoo kama zamani. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama kwenye matope, na kumbe alikuwa anajua. Alikuwa ameshajua tangu msibani, alipoona ukutani alama zisizo zake wala za Naomi; alijua hata pale jikoni, mimi nikimtukana. Aliniambia, "Usiseme, mwalimu. Mzee alinisitiri. Na mimi namsitiri." Kisha akarudi kwenye tuta lake. Hakunikaribisha kwake, na sikustahili.

Nilifikiri nikishamwomba msamaha nitapata usingizi. Sijapata. Nakula kwa sababu ni saa ya kula. Nikisahihisha madaftari ya watoto, kila vema ninayoiweka inanichoma.

Nakuahidi jambo moja. Jumapili ijayo napanda Malindi. Baada ya ibada, pale nje matangazo yanaposomwa, nitaomba nafasi. Nitasema kuhusu ile simu, na sauti kubwa, na kufuli. Nitasema Zaina hana kosa. Itabidi niseme pia kuhusu alama zako, unisamehe. Nimetafuta njia ya kumsafisha yeye bila kukugusa wewe, sijaiona. Sitarajii kitu. Waliomwogopa wataendelea kumwogopa, Elisha hatazungumza nami, na wewe utabaki pale pale kwenye udongo uliotitia. Lakini nitasema.

Karatasi nimeibandua, iko hapa mezani. Kisanduku cha asubuhi uliyoanguka kina vema, mkia mrefu kushoto. Hukuwa unaelekea mlangoni. Uliinuka kitandani na kichwa chako kinachouma, ukatembea hadi ukutani kumkinga mtu na ukali wa mwanao.

Kwaheri, Tate. Visanduku vilivyofuata ni vitupu mpaka mwisho wa mwezi, na sina wa kumpigia simu.

Mimi binti yako,
mwalimu