Ngozi ya Ndama Namba Sita

Kairo, 3 Machi 1991

Mama yangu mpenzi,

Salaam nyingi, na mkono wako naubusu. Mimi mzima, tena nimenenepa. Hofu ni kwako na dada Nagat. Mwanao sasa mtu mkubwa: bila mimi madaktari wa mifugo hapa maabara hawagusi ndama. Wao wanadunga sindano, mimi nakaba shingo. Na wanachodunga si dawa, mama, ni ugonjwa wenyewe! Ndama wazima kabisa, eti waone utakavyowala. Siku ya nane ngozi nzima vinundu kama maharage. Vikipasuka ni usaha, unanuka hadi kwenye mkate wangu. Jana mmoja kanipigia chafya mdomo wangu uko wazi. Usiulize.

Namba sita peke yake hakudungwa, wa kulinganishia. Msafi kama bwana harusi. Wiki hii wote watachinjwa, wapasuliwe, wachomwe moto.

Mwanao, Shehata

Kijijini, 6 Machi

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Sisi wazima, ila ndama wa Sabah kafa juzi, na ami yako kamtupa mferejini na ngozi yake, mpumbavu yule. Sasa Sabah hashushi maziwa. Analia tu, kiwele kigumu kama jiwe. Tangu baba yenu afariki, ng'ombe huyu ndiye anayetulisha. Niletee ngozi ya ndama niishindilie majani makavu, niisimamishe mbele yake airambe, apate kudanganyika. Wewe si mtu mkubwa? Utashindwa na ngozi?

Mama yako

Kairo, 10 Machi

Mama,

Salaam, na poleni na msiba wa Sabah. Ngozi hiyo hapo, anakuletea Usta Metwalli, dereva wetu. Ni ya namba sita, yule msafi, usiwe na shaka. Nilimchuna mwenyewe nikaificha chini ya magunia. Daktari Rifaat akachoma mifupa akidhani kachoma ndama mzima. Ana shahada tatu, masikini!

Mwanao, Shehata

Kairo, 23 Machi

Mama,

Hamjambo? Nijibu upesi. Majibu ya damu yametoka leo: namba sita naye alikuwa na ugonjwa. Daktari kapiga meza, "Nani alikuwa akiwalisha?" Nikachukua ufagio nikatoka nje. Sheria ni kuanza kwa msafi, umalizie wagonjwa. Mimi nilianza na wagonjwa, nimalize uchafu mapema nile kifungua kinywa kwa raha. Ndoo ni ileile, tambara la kufutia makamasi ni lilelile. Naichukia hata mikono yangu. Ichome ngozi. Maziwa msiuze. Sabah asitoke zizini.

Mwanao

Kijijini, 28 Machi

Shehata,

Barua yako imefika jana. Vinundu vya Sabah vilianza Jumatatu, mdomoni kwanza, kwa kuiramba ngozi yako. Leo vimeshuka hadi kiwele. Nikimkamua inatoka damu na kitu cha njano. Ngozi nimeichoma. Ami yako alitaka tumkimbize Sabah sokoni kabla watu hawajaona. Nikamwambia, "Pita juu ya maiti yangu," nikakaa mlangoni.

Daktari wa mifugo nimemwita mwenyewe. Akaniuliza, "Mama, ugonjwa huu umeingiaje hapa?" Nikasema sijui. Nimehiji, nina wajukuu, na nimemdanganya mtu machoni kwa ajili yako.

Asubuhi hii ng'ombe wa jirani, Umm Hashim, kaamka na kinundu shingoni. Kaja kuniomba dua. Njoo useme mwenyewe. Nakupa mpaka Jumamosi, kisha nasema mimi.

Mama yako